Mwenyeji Anaposema Ngoja

Yako maswali ambayo kwa sura yake huonekana mepesi, hata mtu akaona haya kuyaleta katika kurasa hizi, kumbe ndani yake mna jambo zito. Swali letu safari hii ni la namna hiyo. Je, mtu aliyefanya kazi kwa bidii, akaweka akiba yake kwa njia ya haki, anaweza kuwachukua watu wa nyumbani mwake akaenda nao kupumzika mahali pazuri, hali akijua kwamba wenyeji wa mahali hapo, na yule hasa atakayemtandikia kitanda, hawapati kupumzika kama yeye? Na kama anaweza, ni kwa masharti gani?

Ili tusiseme hewani, tutachukua mfano mmoja na kukaa nao mpaka mwisho, nao ni likizo ya jamaa katika hoteli kubwa ya ufukoni huko Hawaii. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni pwani chache duniani zilizosifiwa kwa mapumziko kama zile. Pili, ni mahali pachache ambapo wenyeji wamesema waziwazi, tena mbele ya serikali, yale waliyo nayo moyoni juu ya wageni wao. Baadhi ya ndugu zetu wanaoishi Marekani huenda huko wakati wa likizo, na picha zao hutufikia. Basi si vibaya tukajiuliza kuna nini nyuma ya picha hizo.

Tuanze kwa kusema wazi kwamba kupumzika si dhambi. Wako watu wema ambao, wakisikia habari ya mtu kulala chini ya mwavuli ufukoni, hukunja uso mara moja na kusema huo ni uvivu na ubadhirifu. Sisi hatukubaliani nao. Tuseme ni baba na mama wenye watoto wawili katika mji wa baridi kama Chicago. Baba ni dereva wa lori, mama ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mwaka mzima wamekuwa wakipishana mlangoni, huyu akiingia na yule akitoka, na watoto wanalelewa kwa maandishi yanayoachwa juu ya meza ya jikoni. Sasa wamepata juma moja. Watoto wanajenga nyumba za mchanga na kuzililia zinapobomolewa na mawimbi. Baba analala mchana bila saa ya kumwamsha. Jioni wote wanne wanakula nguruwe aliyeokwa shimoni kwa mawe ya moto, wanatazama ngoma ya hula, na usiku wanaketi na kuzungumza, jambo ambalo hawajalifanya tangu mwaka jana. Atakayesema kwamba hapo hapakutendeka jema lolote, huyo hajui nyumba za watu zinavyoishi. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, wala hakuona haya.

Kwa hiyo swali letu halimhusu baba huyu kwa kuwa amepumzika. Linahusu yale yanayompasa mgeni kwa mwenyeji wake, na hapo hatuna budi kuwafahamu wenyeji hao ni nani.

Hawaii ni visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, yapata kilometa 3,850 kutoka San Francisco. Wakazi wake ni kama milioni 1.4. Katika mwaka 2019 walifika wageni zaidi ya milioni 10. Yaani kwa kila mkazi mmoja, pamoja na mtoto mchanga na mzee asiyetoka kitandani, walipita wageni saba. Watu wa kwanza wa visiwa hivyo walikuja kwa mitumbwi mikubwa ya matanga kutoka visiwa vingine vya Pasifiki, na katika lugha yao ardhi huitwa aina. Tusilichanganye neno hilo na letu la Kiswahili. Maana yake kwao ni kile kinacholisha. Mwenyeji huitwa mtoto wa nchi hiyo inayolisha. Waikiki, ambayo leo ni safu ya mahoteli marefu, zamani ilikuwa bonde la maji lenye mashamba ya magimbi na mabwawa ya samaki. Hoteli kubwa ya kwanza, iitwayo Moana, ilifunguliwa hapo mwaka 1901. Kisha kati ya miaka 1921 na 1928 ulichimbwa mfereji wa kukausha bonde lile, na magimbi yakawa hayapo tena. Hata mchanga ambao watoto wa mgeni wetu wanauchezea, sehemu yake ililetwa kutoka kwingine ili ufuko upate kupendeza.

Visiwa hivyo vilikuwa ufalme, na ufalme huo ulitambuliwa na mataifa makubwa ya dunia. Mwezi Januari 1893 kikundi cha wafanyabiashara na wenye mashamba, wengi wao wenye asili ya Marekani, walimwondoa Malkia Liliuokalani katika kiti chake, huku askari wa Marekani wakiwa wameshuka pwani kutoka melini. Mwaka 1898 visiwa vikaunganishwa na Marekani, na mwaka 1959 vikafanywa jimbo. Mwaka 1993, baada ya miaka 100, Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa kupinduliwa kwa ufalme ule, na Rais Clinton akalitia sahihi. Radhi iliombwa, nchi haikurudishwa.

Sisi Waanglikana tunayo sababu zaidi ya kuwakumbuka watu hao. Mfalme Kamehameha wa Nne na mkewe, Malkia Emma, ndio walioomba Kanisa letu liende kwao, na askofu wa kwanza aliwasili Honolulu mwaka 1862, miaka miwili kabla Askofu Tozer hajaweka makao yake Unguja. Mfalme huyo alikifasiri Kitabu cha Sala katika lugha ya Kihawaii kwa mkono wake mwenyewe. Naye Liliuokalani, baada ya kuondolewa katika ufalme na kufungwa, alipokea Kipaimara mwaka 1896 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea, Honolulu. Hatuyasemi haya kwa kujisifu. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha jambo moja linalohusu swali letu: wageni wale walialikwa. Kulikuwa na mwenye nyumba aliyesimama mlangoni na kusema karibu. Mwenye uwezo wa kusema karibu anao pia uwezo wa kusema ngoja. Na asiye na uwezo wa kusema ngoja, karibu yake haina uzito. Miaka 30 baadaye mwenye nyumba aliondolewa mlangoni, na tangu hapo wageni wameendelea kuingia.

Hilo ndilo tunalotaka kulitazama katika hoja tatu ambazo watu huzitoa.

Hoja ya kwanza ni ya mtu asemaye, nimelipa. Naam, amelipa, tena si kidogo. Lakini amelipia nini? Amelipia chumba, chakula, shuka safi na maji ya kuoga. Viko vitu ambavyo hakuvilipia, kwa sababu haviuzwi. Ufuko wenyewe hauuzwi. Katika sheria za Hawaii pwani yote, mpaka pale mawimbi yanapofikia, ni mali ya watu wote. Hoteli haiwezi kumfukuza mvuvi mwenye mshipi wake kwa kuwa tu amekaa mbele ya viti vya wageni. Wala moyo wa wenyeji hauuzwi. Kila mgeni hupokewa kwa neno aloha, na mwaka 1986 jimbo liliandika katika sheria zake kwamba neno hilo ni mwenendo wa moyo, wa watu kupendana na kujaliana pasipo kutarajia malipo. Mtu anayedhani kwamba amelinunua pamoja na chumba hajalielewa neno lenyewe.

Tena kuna mikono ya watu. Katika mahoteli hayo wengi wa watandika vitanda ni wanawake, na wengi wao asili yao ni Ufilipino. Mwaka 2018 wafanyakazi wapatao 2,700 wa mahoteli ya Waikiki na kisiwa cha Maui waligoma kwa siku 51. Wito wao ulikuwa mfupi: kwamba kazi moja imtoshe mtu kuishi. Hawakudai anasa. Walikuwa watu ambao, wakimaliza kutandika vitanda vya hoteli hii, huenda kufanya kazi nyingine jioni, ili waweze kulipa kodi ya nyumba katika nchi ambayo nyumba ya kawaida kisiwani Oahu sasa inauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wahawaii wa asili wanaishi nje ya Hawaii. Watoto wa nchi wamehamia bara, na vyumba vizuri vinangojea wageni.

Hebu tufikiri kidogo juu ya baba yetu dereva wa lori na mama muuguzi. Walikwenda Hawaii kwa sababu wamechoka kupishana mlangoni. Mama anayewatandikia kitanda naye anapishana na mumewe mlangoni. Ni watu wa hali moja. Tofauti yao ni kwamba juma hili mmoja amelala na mwingine amesimama. Amri ya Sabato, kama inavyoelezwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, haikumwamuru bwana wa nyumba apumzike peke yake. Ilimtaja mtumishi wa kiume na wa kike, na mgeni, na hata ng'ombe na punda, na ikatoa sababu, kwamba mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Mapumziko yanayosimama juu ya uchovu wa mwingine hayajawa mapumziko yale yaliyoamriwa.

Hoja ya pili ni ya mtu asemaye, nisipokwenda watakufa njaa. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuidharau. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga safari, wageni waliofika Hawaii hawakuzidi milioni tatu, na watu wengi sana wakapoteza kazi kwa siku chache. Lakini hoja hii ilipimwa kwa moto, kwa maana halisi ya neno hilo, miaka mitatu baadaye.

Tarehe 8 Agosti 2023 moto uliuteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui. Lahaina ulipata kuwa makao makuu ya ufalme mpaka mwaka 1845. Upepo ulikuwa mkali, nyaya za umeme zilianguka, na kuzunguka mji kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyoachwa, yakaota majani makavu. Baadhi ya majani hayo asili yake ni Afrika. Yaliletwa zamani kulisha ng'ombe. Watu wapatao 100 walikufa, na nyumba na majengo zaidi ya 2,000 yakaungua. Kanisa letu la Holy Innocents likaungua pia. Waliookoka waliwekwa kwa maelfu katika vyumba vya mahoteli yaliyo kaskazini ya mji, yale yale ambayo wengi wao walikuwa wakifanya kazi.

Wageni waliondoka. Kisha serikali ya jimbo ikatangaza kwamba tarehe 8 Oktoba, miezi miwili kamili baada ya moto, upande ule wa kisiwa utaanza kufunguliwa kwa watalii. Hapo zilisikika sauti mbili. Moja ilisema: njooni, maana hatuna mshahara, na mkikaa mbali tutapoteza na kile kidogo kilichobaki. Ya pili ilisema: ngojeni, hatujamaliza kuzika, hatuwezi kumletea mtu kinywaji na kumchekea, naye akituuliza, je, na wewe nyumba yako iliungua? Maelfu walitia sahihi barua ya kuomba siku zisogezwe mbele. Siku hazikusogezwa. Tena tusidhani kwamba sauti hizo zilikuwa za watu wa makundi mawili tu. Bila shaka walikuwapo waliozisikia zote mbili kifuani mwao kwa wakati mmoja.

Sisi tunajua matanga ni nini. Kwetu mtu haendi matangani akauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Lakini vilevile mtu hawaachi wafiwa peke yao kwa kisingizio cha heshima. Huenda, akiwa na unga, na kuni, na rambirambi, huketi chini, husema kidogo, na wenye msiba wakimwambia jambo, hulifuata. Basi hoja kwamba watakufa njaa nisipokwenda, ingawa ni ya kweli, haikamiliki. Mwenye njaa anaweza kusaidiwa kwa njia nyingi, na kulala kitandani mwake siyo njia ya kwanza. Mtu asemaye nakwenda ili kuwasaidia, ajipime kwa swali hili: kama wangeniambia fedha zako tunazihitaji, ila wewe usije sasa, ningezituma? Akiona kwamba asingetuma, basi ajue kwamba anakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Si kosa kwenda kwa ajili ya nafsi yako. Kosa ni kuiita safari hiyo sadaka.

Mwezi Novemba mwaka huohuo watu wa Lahaina waliokosa makao walikwenda ufukoni Kaanapali, mbele ya mahoteli, wakapiga mahema na kusimamisha mishipi yao ya kuvulia mchangani. Kisheria walikuwa wavuvi, na ufuko ni wa wote, wala hakuna aliyeweza kuwaondoa. Walidai kwamba nyumba zinazokodishwa kwa watalii kwa siku chache chache zikodishwe kwa waliounguliwa. Wageni waliokuwa wakilala kwenye viti vyao waliwaona. Tunadhani hakuna hotuba iliyoliuliza swali letu vizuri zaidi kuliko mishipi ile iliyosimama mchangani.

Hoja ya tatu ni ya mtu asemaye, kama mambo ni hayo, basi tusiende kabisa, na kila aendaye ahesabiwe mwizi. Wako wenyeji wasemao hivyo, nao wana haki ya kusikilizwa. Lakini kama kanuni ya watu wote, tunaona haitoshi, kwa sababu inamwondolea mwenyeji heshima yake ya pili. Ya kwanza ni kusema ngoja. Ya pili ni kusema karibu. Watu wa Hawaii wana neno lao la ukarimu na wamelienzi tangu zamani. Kuwaambia kwamba hawawezi tena kumkaribisha mtu, kwamba kila mgeni wao lazima awe adui, ni kuwaamulia kwa mara nyingine yale ya nyumbani kwao.

Kuna habari moja ya kale huko ambayo inatusaidia. Mfalme Kamehameha wa Kwanza, alipokuwa kijana, alikuwa akiwafukuza wavuvi katika wilaya ya Puna. Mguu wake ukanaswa katika ufa wa mwamba. Mvuvi mmoja akageuka akampiga kichwani kwa kasia mpaka kasia likavunjika vipande, kisha akakimbia. Miaka ikapita, Kamehameha akawa mtawala mkuu, na mvuvi akaletwa mbele yake. Watu walitazamia auawe. Yeye akasema kwamba kosa lilikuwa lake, kwa kuwa aliwashambulia watu wasio na hatia. Na mwaka 1797 akatoa sheria kwamba wazee, na wanawake, na watoto, waweze kulala kando ya njia pasipo mtu wa kuwadhuru. Sheria hiyo ya Kasia Lililovunjika imetajwa hata leo katika katiba ya jimbo.

Tazameni jinsi mfalme huyo alivyoupima utawala mwema. Hakuangalia majumba wala hazina. Aliangalia kama mnyonge anaweza kulala chini, akafumba macho, akaamka salama. Kumbe haki ya kupumzika katika visiwa hivyo ni ya kale kuliko hoteli ya kwanza kwa miaka 100 na zaidi, na ilitolewa kwanza kwa mnyonge. Mgeni anayelala ufukoni leo analala chini ya kivuli cha sheria hiyo. Hawezi kuifaidi yeye halafu asijali kama mzee wa Lahaina naye ana mahali pa kulala.

Waswahili wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Twaipenda methali hii na kuitumia kila mara, lakini mara nyingi tunakaza nusu ya kwanza tu. Mgeni njoo, hilo ni rahisi. Kipimo kiko katika nusu ya pili. Je, mwenyeji amepona? Kama ujio wa mgeni umemwacha mwenyeji amechoka kuliko alivyokuwa, hana nyumba, na hathubutu kusema ngoja, basi methali haijatimia, hata kama mgeni alipewa shada la maua shingoni.

Sasa yatimie vipi? Hatuwezi kumwambia baba mwenye juma moja la likizo abadilishe historia ya visiwa. Lakini yapo aliyo na uwezo nayo.

La kwanza, asikilize kabla ya kununua tiketi. Aulize wenyeji wanasema nini sasa, si matangazo yanasema nini. Wakisema ngoja, angoje, au aende kwingine.

La pili, apende mahali palipowekewa mipaka. Katika ghuba ya Hanauma, kisiwani Oahu, samaki na matumbawe yalikuwa yakichoshwa na miguu ya watu. Siku hizi ghuba hufungwa siku mbili kila juma, wageni hulipa kiingilio, na kabla ya kushuka majini huonyeshwa filamu ya kuwafundisha wasikanyage matumbawe. Twaweza kusema ghuba ile imepewa Sabato yake, na zaidi ya siku moja. Huko Kauai, baada ya mafuriko ya mwaka 2018, hifadhi ya Haena ilipofunguliwa tena iliwekewa kikomo cha wageni 900 kwa siku, nao hujiandikisha kabla. Mgeni akikuta nafasi zimejaa asinung'unike. Amesikia sauti ya mwenyeji aliyerudi kusimama mlangoni pake; na afurahi. Vivyo hivyo asinung'unikie sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inayokataza kuuza mafuta ya kujikinga na jua yenye dawa fulani mbili zinazodhaniwa kudhuru matumbawe.

La tatu, amwone anayemhudumia. Amwite kwa jina lake, aokote taulo zake mwenyewe, aache bahashishi chumbani, na awafundishe watoto wake kushukuru. Na wafanyakazi wakigoma, asiseme kwamba wamemharibia likizo. Ajikumbushe kwamba yeye naye ni mfanyakazi, na wanachodai ndicho kile yeye amekifuata safari ndefu.

La nne, akumbuke methali nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Hawaii jembe hilo lipo kweli. Iko mipango ya wageni kutoa nusu siku kusafisha pwani, kupanda miti ya asili, au kuingia matopeni kusaidia katika mashamba ya magimbi ambayo wenyeji wanayafufua. Watoto wa mjini watakaotoka hapo na tope magotini watakuwa wameijua nchi inayolisha, na pengine watasimulia hilo kwa miaka mingi kuliko bwawa la kuogelea.

Mtu atatuuliza: je, ninyi hamjamharibia huyu maskini likizo yake? Alitaka kulala, nanyi mmempa mzigo wa kufikiri. Tunajibu kwamba dhamiri iliyotulia hulala vizuri zaidi. Kasa wa kijani wa Hawaii wana desturi ambayo haionekani katika pwani nyingi: hupanda ufukoni mchana, wakalala mchangani kuota jua. Watu huambiwa wakae mbali nao, nao hukaa mbali, na mnyama yule mkubwa hulala katikati ya umati bila hofu. Ikiwa wageni wanaweza kumheshimu kasa aliyelala, basi haiwashindi kumheshimu mama anayetafuta usingizi wake baada ya zamu mbili. Jambo hili halihitaji elimu kubwa. Lahitaji tu mtu akubali kwamba mwingine naye huchoka.

Na sisi tulio na pwani yetu, kuanzia Lamu na Malindi mpaka Unguja na Mafia, ambako watoto wetu wanatandika vitanda vya wageni na kuvaa sare za mahoteli, tusisome habari hizi kama za mbali. Siku moja sisi ni wenyeji, na siku nyingine, Mungu akitujalia, sisi ni wageni. Tukiwa wenyeji, tusiogope kusema ngoja pale inapobidi, wala tusisahau kusema karibu. Tukiwa wageni, tuingie kwa adabu, tule tulichopewa, tupumzike kwa shukrani, na kabla ya kuondoka tuulize, kwa kumaanisha, kama waliotupokea wamepona.